Msitu Nilioupata kwa Kitendawili

Mpaka leo nikisikia harufu ya saladi mbichi, kichwa kinanizunguka kidogo, kama mtu aliyeamshwa ghafla akaulizwa jina lake. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado sijui kama nililitenda vizuri au nililivuruga. Nitalisema kama lilivyokuwa.

Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa na meza ya mboga ndani ya soko la Kariakoo, upande wa Mtaa wa Mkunguni. Mboga zangu zilitoka kwetu Mgeta, juu katika milima ya Uluguru: kabichi, njegere, karoti, na hiyo saladi. Aliyezifunga kwenye matenga ni mjomba wangu Ignasi, kaka yake mama. Watu walizishusha kwa vichwa mpaka barabarani, lori likazifikisha Morogoro, gari moshi likazileta kwangu. Kabichi husafiri kama askari, haijali. Lakini saladi ilifika imelala ubavu, imechoka kuliko mimi. Basi nikamwandikia mjomba, maana darasa la nne nilifika: "Mjomba, tafuta namna ya kuifunga ibaki na maji."

Barua ile niliiandika mimi mwenyewe. Nalisema mapema kwa sababu nilichelewa kulikumbuka.

Baada ya hapo saladi ikaanza kufika mbichi kama imechumwa nyuma ya soko. Chini ya tenga na juu yake ilikuwa imefunikwa na ile nyasi laini ya kijani inayofunika miti kwenye ukungu, inayokunywa maji na kuyashika. Nyumbani tuliiita ndevu za babu. Niliiona kila wiki. Lakini macho ya mtu anayeuza vizuri hayaulizi maswali.

Siku moja, Jumanne, nikaingiza mkono ndani ya zile ndevu nikashika kitu kama kifuko. Nikakitoa. Kilikuwa kiota, kirefu kama soksi ya mtoto, kimefumwa kwa ndevu zilezile na nyuzi za buibui, na mlango ubavuni wenye kibaraza kidogo juu yake cha kuzuia mvua. Kilikuwa bado kimening'inia kwenye kijitawi. Ndani, yai moja. Zima! Limeshuka mlima kichwani mwa mtu, limepanda lori, limepanda gari moshi, halina hata ufa.

"Umeletewa nini tena, Mluguru?" akauliza Zamzam. Huyu alikuwa jirani yangu wa meza, Mzaramo, muuza ndimu na pilipili, na ulimi wake ulikuwa umefanana na bidhaa zake. "Nyie watu wa mlimani mnauza mpaka nyumba za ndege? Kesho mtatuletea ukungu kwenye gunia."

"Nyamaza kidogo, Zamzam."

"Ninyamaze, nimekuwa kabichi?"

Nilikuwa natazama kile kijitawi. Mwisho wake haukuvunjika. Ulikuwa umekatwa, chwa, kwa shoka.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuzunguka. Kwetu ndevu za namna ile, nene za kushika kwa mkono mzima, zilikuwa mahali pamoja tu: Nyalukwa, msitu wa ukoo wetu. Humo ndimo ilimo chemchemi yetu, ndimo walimolala wakubwa wetu wa zamani, na ndimo wanamokaa chozi, wale ndege wadogo wa mdomo wa kupinda wanaong'aa kama mafuta juu ya maji. Huingii Nyalukwa na shoka. Hata ukitaka gome la dawa, unaomba kwanza, na wa kumwomba ni msemaji wa ukoo. Na msemaji wa ukoo alikuwa nani? Mjomba Ignasi. Aliyefunga tenga alikuwa nani? Mjomba Ignasi.

Nikawaza: labda mti ulianguka wenyewe. Halafu nikawaza: mti ulioanguka wenyewe haukatwi matawi kila wiki, miezi minne. Halafu nikaikumbuka barua yangu. Nikakaa chini juu ya gunia la viazi.

Nilimpelekea kiota Bwana Natvarlal. Huyu alikuwa na duka la misumari na bawaba ng'ambo ya barabara, na sote tulimwita Natubhai. Mkewe Taraben alinunua njegere zangu kila asubuhi. Natubhai aliwapenda ndege kuliko misumari. Mbele ya duka aliwamwagia njiwa mtama, na chini ya meza alikuwa na kitabu kinene cha picha za ndege, ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Alipokiona kile kiota akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada Candida, umekitoa wapi?"

"Kwenye saladi."

"Usinifanyie mzaha."

"Natubhai, ningekuwa na mzaha leo ningekupa. Sina."

Akalitazama yai mwangani, akaliviringishia pamba, akaliweka ndani ya kopo la misumari. "Nyumbani haliingii," akaninong'oneza. "Kwetu yai ni nyama, na nyama hatuli. Taraben akiliona nyumba nzima itaoshwa." Kisha akafungua kitabu. Picha ya chozi ilikuwemo. Ya kiota cha namna hii haikuwemo.

"Ndege huyu kitabu changu kinamjua," akasema. "Nyumba yake hakiijui. Nitawaandikia wataalamu. Wakijua anataga wapi, msitu ule utalindwa. Hakuna atakayeugusa. Unaitwaje?"

Jina sikulitaja.

Maana mwaka ule kwetu mlimani watu walikuwa wanalalamika. Walikuwa wameamriwa walime matuta ya ngazi, na kila wiki bwana shamba alikuja kupima, na bwana miti naye alikuja kusogeza mawe ya mpaka wa misitu ya serikali. Mama alikuwa na shamba la maharage linalogusana na Nyalukwa. Nikisema jina, mawe ya mpaka yatapita upande gani wa maharage? Na mama akitaka kwenda kuteka maji kwenye chemchemi ya bibi yake, atamwomba nani? Lakini nisiposema, mashoka yanaendelea. Msitu ulikuwa unakatwa ili saladi yangu isinyauke!

"Utalindwa na nani, Natubhai?" nikamwuliza. "Na nani azuiwe? Sisi?"

Kisha akanieleza habari za kwao. Alizaliwa Kachi, Bara Hindi, pembeni mwa jangwa la chumvi. Kiangazi ni jeupe mpaka macho yanauma. Mvua ikinyesha linageuka kuwa bahari ya kufika magotini, na hapo huja heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, maelfu kwa maelfu, wanajenga vichuguu vya matope na kutaga juu yake. Alipokuwa mtoto, watu wa kijiji chake walitembea siku mbili ndani ya maji ya chumvi kwenda kuokota mayai. Mwaka mmoja heroe hawakuja. Mwaka wa pili hawakuja. Mtawala wa kule akapiga marufuku, akaweka askari wa ngamia. Baada ya miaka, heroe wakarudi.

"Umeona?" akasema. "Wakarudi."

"Na wale watu waliokuwa wakila mayai?"

Akashika ukurasa wa kitabu akaukunja pembe, akaukunjua. "Hao ndio sisi," akasema. "Baba yangu alipanda jahazi la kuja huku. Sijui, dada. Nikikumbuka ndege, nafurahi. Nikimkumbuka baba, sijui."

Nilitegemea mtu mwenye kitabu anitoe kwenye giza, naye akaingia tukakaa wawili. Akaandika barua yake. Palipotakiwa mahali, akaacha nafasi tupu, akaniambia, "Nitangoja."

Wiki mbili baadaye mjomba Ignasi akaja mwenyewe na matenga. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, koti la sufu mwilini hata katika joto la Dar es Salaam, jasho likimtiririka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mji huu unakula watu au watu hawali?"

"Anakula, mzee!" Zamzam akadakia. "Anakula saladi kama mbuzi. Nyinyi wajomba wa mlimani, hilo koti mnazaliwa nalo?"

"Tunazaliwa nalo, mtani, na tunazikwa nalo. Nyie wa pwani mnazaliwa na maneno tu."

Wakacheka. Mimi nikafungua tenga. Ndevu za babu, nene, mbichi, bado zinadondosha maji. Mjomba akaona ninavyozitazama, akageuza uso akaanza kusifu bei za mabati.

Sasa nifanyeje? Kwetu ardhi hupita kwa mama. Nyalukwa ilikuwa ya bibi yangu, ikawa ya mama, na siku moja ingekuwa yangu. Lakini wa kuisemea ni mjomba, na mjomba humkemei. Mpwa hawezi kusimama mbele ya kaka yake mama akamwambia "wewe mwizi," tena sokoni, tena mbele ya Mzaramo. Na nikimwambia faraghani atatoa barua yangu mfukoni, atasema, "Ulitaka maji, nikakupa maji." Angekuwa na haki.

Sijui nani aliniwekea maneno mdomoni. Tangu utoto mjomba ndiye aliyenifundisha vitendawili, mimi na yeye tukipukuchua mahindi. Nikasema:

"Mjomba, kitendawili!"

Akageuka, uso umekunjuka kwa furaha. "Tega!"

"Nyumba yangu imepanda gari moshi, wenyewe wamebaki mlimani."

Wapita njia wakasimama. Sokoni ukitega kitendawili hata mchukuzi mwenye gunia begani atangoja jibu.

"Behewa!" akasema mmoja.

"Behewa ndilo gari moshi lenyewe, mpumbavu wewe," akajibiwa.

"Konokono!" akasema Zamzam.

"Konokono haachi nyumba yake."

"Basi mwanamke aliyeachika!"

Watu wakacheka, lakini mjomba hakucheka. Nikamwona anatazama ndevu za babu. Nikamwona anatazama mikono yangu, nayo ilikuwa imekaa kama inashika kitu kidogo, ingawa haikushika kitu. Akajua. Nilijua kuwa amejua, na yeye alijua kuwa nimejua. Akilitaja jibu, watu watauliza nyumba hiyo ilipandaje gari moshi, nani aliikata. Jasho likamtoka upya.

"Nimeshindwa," akasema taratibu.

Yeye! Aliyekuwa akitegua hata kitendawili ambacho sijamaliza kukitega!

Na mtu akishindwa, mnajua, lazima atoe mji.

"Nipe mji, mjomba."

"Chukua Morogoro."

"Morogoro nilikwenda, nikakuta mvua, nikarudi."

"Chukua Tanga."

"Tanga nilikwenda, kila mtu ananukia mkonge, nikarudi."

"Chukua Unguja na karafuu zake."

"Unguja nilikwenda nikapiga chafya siku saba, nikarudi."

Watu wakashangilia. Mjomba akanitazama. "Unataka mji gani, Candida?"

"Nipe Nyalukwa."

Wao hawakujua Nyalukwa ni nini. Mmoja akauliza kama iko Kigoma. Lakini mjomba alishika ukingo wa meza yangu kama mtu aliyekanyaga utelezi.

"Nyalukwa si mji," akasema.

"Una nyumba, una wakazi, una kisima, una wakubwa waliolala. Mji unataka nini tena?"

Niliogopa atanitukana. Niliogopa zaidi atacheka, aseme huu ni mchezo, nipewe Mombasa, turudi kwenye bei za mabati. Midomo yake ilitembea bila sauti. Sikujua kama anahesabu miti au anaomba.

"Chukua," akasema. "Chukua Nyalukwa. Wako. Nimeutoa mbele ya watu."

"Nimekwenda," nikasema, "nimekwenda, nimekaa, sirudi."

Vigelegele! Kisha wote kwa pamoja: "Jibu! Toa jibu!"

Hilo nililisahau. Anayepewa mji lazima alitoe jibu. Mjomba aliinamisha kichwa. Alikuwa mzee ghafla, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Jibu lilikuwa ulimini, neno moja tu, kiota, na watu wakingoja.

"Jibu," nikasema, "ni konokono."

"Uongo!" Zamzam akaruka. "Nilisema konokono! Ukasema haachi nyumba yake!"

"Wa pwani haachi. Wa mlimani huacha."

"Haiwezekani! Huyu mwanamke mwizi, kaiba mji mzima! Mzee, dai mji wako!"

"Mpwa wangu akisema konokono," mjomba akasema, "ni konokono." Akajifuta macho kwa mkono wa koti, akasema ni pilipili za Zamzam. Jioni akapanda gari moshi. Hatukusemezana lolote juu ya jambo lile, wala siku ile wala baadaye.

Tenga la wiki iliyofuata nililifungua upesi. Majani ya mgomba, juu mpaka chini. Nililichambua lote, nikalinusa. Hapakuwa na unywele mmoja wa ndevu za babu. Saladi ilikuwa imenyauka kama mgonjwa, na Taraben aliikataa. Nikafurahi. Usiku nikajiuliza: ameacha kukata, au ameacha kunionyesha? Kesho yake nikafurahi tena kidogo, kisha nikajiuliza tena. Nilikaa hivyo miezi mitatu.

Hata siku moja akatokea mbele ya meza yangu mtu wa kwetu, miguu ina vumbi la safari, kofia mkononi. Akajitaja: Augustino, jirani wa mama.

"Wewe ndiye Candida mwenye Nyalukwa?"

"Mwenye nini?"

"Mzee Ignasi ametukatalia. Kachukua kiti chake cha gogo, kakiweka kwenye njia ya kuingilia msituni, anakaa pale toka asubuhi. Ukija na shoka anakwambia: si wangu, niliupoteza kwa kitendawili, mwenyewe yuko Kariakoo, nendeni mkamwombe. Tulidhani utani. Mimi nataka miti minne tu ya paa. Nimekuja kuomba."

Zamzam akaangusha ndimu. "Kumbe mji wenyewe wa kweli!"

Kumbe mzee yule alikuwa amekaa mlangoni, na mimi huku nilikuwa nanusa matenga! Lakini hapohapo nikachanganyikiwa upya. Huyu Augustino alikuwa na watoto sita, na nyumba yake ilikuwa inavuja. Nimkatalie mimi, ninayelala chini ya bati Kariakoo? Nimkubalie, na kesho waje watu kumi? Natubhai alikuwa amevuka barabara kusikiliza, karatasi yake yenye nafasi tupu imechungulia mfukoni. Nikamtazama. Akainua mabega.

"Kitendawili," nikasema, kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Augustino akashangaa. "Tega."

"Kinakua kikikatwa, hakioti kikipandwa. Ukikitegua, kata miti yako."

"Nywele!"

"Nywele unazipanda wapi?"

"Kucha!" akasema Zamzam.

"Wewe hujengi paa, nyamaza."

"Njaa," akasema Natubhai polepole.

Nikatikisa kichwa. Augustino alikaa kwenye magunia yangu mpaka adhuhuri akiwaza. Akajaribu upara, akajaribu moto, akajaribu ugomvi wa ndugu. Mwishowe akasimama. "Nimeshindwa, mama. Chukua nyumba yangu inayovuja, ndio mji wangu."

"Nimekwenda, nimekuta watoto sita wamelala, nimewaachia," nikasema. Nikamwomba Natubhai, naye akampa mabati mawili yaliyopinda pembe. Kisha nikamnong'oneza Augustino kwamba upande wa chini wa shamba la mama kuna miti ya kupandwa, akate minne pale, aseme nimesema mimi. Jibu aliondoka bila kulipata, akasahau hata kuliuliza.

Natubhai akatoa karatasi yake. "Niandike nini hapa penye mahali?"

"Andika: aulizwe Candida, meza ya kabichi, soko la Kariakoo."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Lakini aliandika hivyo hivyo, nikamwona. Wataalamu walijibu mara moja tu, wakauliza kama soko la Kariakoo lina misitu. Hakuwajibu.

Wengine walikuja baadaye, mmoja mmoja, na mashoka yao wakiyaacha stesheni. Wote niliwategea kilekile. Nimepewa miji mpaka sijui pa kuiweka. Mjomba alikaa kwenye gogo lake mpaka alipozikwa, na koti lake. Nyalukwa ipo. Sehemu ile iliyokatwa kwa ajili ya saladi imebaki na uwazi, haijafunga. Nilipanda miche pale kwa mkono wangu, ikafa, nikapanda tena.

Na kile kitendawili, kwa kweli, siku ile nilikitega bila jibu. Nilikisema tu. Nimekiwaza tangu hapo. Kuna siku nadhani jibu ni ule uwazi, na kuna siku nadhani ni kitu kingine kabisa. Ukilijua, njoo uniambie, ila usiniambie mbele ya mtu mwenye shoka.